Habari Kufika Mapema: Vyombo vya Kisasa Wakati wa Maafa

Hotuba ya Karani wa Kamati ya Dharura mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Mombasa



Kamati imenitaka nizungumze juu ya matumizi ya vyombo vya kisasa wakati wa maafa. Nakiri kwamba nilipopewa kazi hii nilisitasita, kwa kuwa mimi si fundi wa mitambo. Ni karani tu, na simu yangu yenyewe mara nyingi hunifungulia mjukuu wangu. Lakini mkutano huu utaombwa kupiga kura juu ya fedha, na si haki mtu aombwe fedha bila kuelezwa zinakwenda wapi. Basi nitasema niliyoyaona na yale ninayoyajua kwa hakika, na penye kosa letu sitalificha.

Naanza hapa hapa Mombasa. Wengi wenu mlikuwapo Jumapili ya tarehe 26 Desemba 2004, siku ya pili ya Krismasi. Alfajiri ile, yapata saa kumi kwa saa zetu, ardhi ilitetemeka chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra katika nchi ya Indonesia, na mawimbi yakaanza safari ya kuivuka Bahari ya Hindi. Yalichukua saa nyingi kufika kwetu. Siku hizo hapakuwa na mpango wowote wa pamoja wa kuzionya nchi za bahari hii. Uliokuwapo ulikuwa ni wa Bahari ya Pasifiki. Lakini habari za vifo vya Indonesia, Sri Lanka na India zilikwisha kuonekana katika televisheni na kupitishwa kwa simu kabla maji hayajafika hapa. Serikali ikaamuru fuo ziondolewe watu. Mimi nilikuwa Bamburi na watoto. Askari walipokuja kutufukuza majini tulinung'unika sana, maana ilikuwa sikukuu na chakula kilikuwa hakijaliwa.

Katika Kenya nzima bahari ile ilimwua mtu mmoja. Katika Tanzania walikufa watu wasiopungua 10. Katika Somalia walipotea karibu watu 300, wengi wao upande wa Hafun. Ni kweli wimbi la huko lilikuwa kubwa kuliko letu, na kulinganisha mambo mawili yasiyo sawa si uadilifu. Hata hivyo mvuvi wa Hafun naye alikuwa na saa nyingi za nafasi, ila hakuwapo mtu wa kumwambia. Haikuwapo serikali ya kumtuma askari ufuoni. Tangu siku ile nimeacha kuwanung'unikia askari wa fuo, ingawa mambo mengine yao bado nayanung'unikia.

Sasa nije nyumbani kwetu, Bunyala. Hakuna haja ya kuwaeleza wazee tabia ya mto Nzoia. Wao waliona mvua za mwaka 1961, na wengine wanasimulia jinsi ziwa lilivyopanda baadaye hata mwaka 1964. Vijana waliozaliwa huku pwani nawaambia hivi kwa ufupi: mto huo hutoka katika milima ya Cherangany na mlima Elgon, hupita Webuye na Mumias, kisha huteremka katika nchi yetu iliyo tambarare kama sinia, na kuingia ziwani. Mvua ikinyesha sana milimani, mafuriko hutukuta sisi ambao pengine kwetu jua linawaka. Hilo ndilo jambo la ajabu la mto huu, na ndilo tumaini letu pia. Maji yale hayafiki siku ile ile. Aliye juu huyaona kabla ya aliye chini, na kama aliye juu ana njia ya kusema, na aliye chini ana sikio la kusikia, basi ng'ombe, watoto na magunia ya mahindi yaweza kuondolewa kwa utaratibu. Ndiyo sababu vipimo vya maji vilitiwa mtoni, kama kile cha Ruambwa, na ndiyo sababu kituo kidogo cha redio, Bulala FM, kilianzishwa huko huko Budalang'i ili watu wasikie habari za hewa na za mto kwa lugha wanayoielewa.

Mwezi wa Mei 2020 mto ulivunja matuta. Ziwa Victoria nalo mwezi huo huo lilipita alama yake ya mwaka 1964, kwa hiyo maji ya mto hayakuwa na pa kwenda. Wakati huo ulikuwa wakati wa korona. Tangu tarehe 8 Aprili mwaka ule serikali ilikuwa imefunga njia za kuingia na kutoka katika Kaunti ya Mombasa, na hazikufunguliwa mpaka Julai. Katika miaka yote ya chama hiki, mafuriko yakitokea, tulikodi basi tukaenda wenyewe, na blanketi, na unga, na mikono yetu. Mara hii tulikaa hapa kama wafungwa, tukitazama picha za nyumba za mama zetu zikiwa ndani ya maji. Ndugu zangu, hapo ndipo tulipolazimika kutegemea simu na si kitu kingine, na hapo ndipo tulipojua simu yaweza nini na haiwezi nini.

Kwanza niseme iliyoyaweza. Katika usiku mmoja wanachama walichanga fedha bila mtu kutoka nyumbani kwake. Benki Kuu ya Kenya ilikuwa imeondoa ada kwa fedha zinazotumwa kwa simu zisizozidi shilingi 1,000, na wanachama wetu wakatuma kwa mafungu ya elfu moja moja, hata yule mweka hazina akasema simu yake inalia kama debe la mawe. Kwa hakika ule ulikuwa usiku wa fahari kwa chama.

Halafu asubuhi mweka hazina wetu akaugua, akapelekwa hospitali na kutengwa. Laini ya simu iliyoshika fedha zote ilikuwa kwa jina lake peke yake, na namba ya siri aliijua yeye peke yake. Simu yenyewe ilizimika betri ikiwa ndani ya kabati la hospitali. Siku tatu fedha zetu zilikaa pale. Siku tatu, watu wakiwa wamelala juu ya tuta lililobaki, na wengine katika madarasa ya shule. Mweka hazina hana lawama. Alikuwa akipigania pumzi yake, na namshukuru Mungu kwamba yupo nasi leo katika safu ya pili. Lawama ni yetu sisi kamati, maana sheria za chama zinataka sahihi tatu ili kutoa fedha benki, na sheria hiyo tuliiheshimu kwa miaka mingi. Ilipokuja simu, tukaona ni chombo chepesi, tukaisahau sheria. Chombo kilikuwa kipya, lakini uzembe ulikuwa ule wa zamani.

La pili ni zito zaidi, nami nimepewa ruhusa na jamaa zake kulisema bila kulitaja jina. Kati ya watu wetu kule alikuwako mama mmoja mjane, mkongwe, masikio yake yamekwisha. Onyo la kuhama lilipotolewa, lilipita katika redio, likapita katika simu, na katika kundi letu la WhatsApp lilipita mara nyingi kupita kiasi. Kila mtu aliandika "mama amepata habari?" na kila mtu akajibu "bila shaka amepata." Watu wote wa kundi lile walikuwa na habari, na mama peke yake hakuwa nayo. Hakuwa na simu, redio hakuisikia, na jirani aliyezoea kumwitia mambo alikuwa amekwisha kuhamisha watoto wake. Aliokolewa mchana wa siku ya pili na vijana wenye mtumbwi, akiwa amekaa juu ya meza, na maji yamefika kwenye ukingo wa meza. Aliishi. Lakini hakuwa tena yule tuliyemjua, na mwaka uliofuata tulimzika.

Nimeyafikiri mambo haya muda mrefu. Watu husema teknolojia ilishindwa. Mimi sikubali. Onyo lilitoka kwa wakati na likafika mbali sana, likakwama hatua thelathini tu kutoka mlangoni pake. Hatua hizo thelathini hazina mnara wa simu unaoweza kuzipita. Zinataka mtu mwenye miguu, ambaye ameambiwa kabla, kwa jina, kwamba mlango ule ni wake.

Nchi ya Bangladesh ilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa mno. Mwezi wa Novemba 1970 tufani iliingia pwani yao usiku, ikaua watu wasiopungua laki tatu. Onyo la redio lilikuwako, lakini halikuwafikia wengi, na waliolisikia hawakujua la kufanya. Mwaka 1972 nchi hiyo na Chama cha Msalaba Mwekundu wakaanza mpango wa watu wa kujitolea vijijini. Redio za mawasiliano zililetwa, lakini kila kijiji kilipewa pia bendera za kupandishwa, vipaza sauti vya mkononi, na vijana wenye wajibu wa kupita nyumba kwa nyumba. Baadaye zikajengwa nyumba imara za kukimbilia, na picha za satelaiti zikawasaidia kujua tufani siku kadhaa kabla. Mwezi ule ule wa Mei 2020, sisi tulipokuwa tukilia na mto wetu, tufani kubwa iitwayo Amphan iliwapiga, na waliokufa nchini humo walihesabika kwa makumi tu. Satelaiti peke yake haikufanya kazi hiyo, wala kijana mwenye kipaza sauti peke yake hakuifanya. Yule kijana hupiga kelele kwa sababu satelaiti imesema, nayo satelaiti yafaa kwa sababu yupo kijana wa kupiga kelele.

Hapa naomba mniwie radhi niseme kidogo juu ya jambo ambalo sisi Wakenya tuna haki ya kujivunia, ingawa lilizaliwa katika aibu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, damu ilipomwagika nchini, watu zaidi ya 1,000 walikufa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni yalipigwa marufuku, na hakuna aliyejua yanayotendeka mji wa pili. Mwezi wa Januari 2008 vijana wachache, miongoni mwao Ory Okolloh, Juliana Rotich, David Kobia na Erik Hersman, walitengeneza kwa siku chache programu ya kupokea habari kutoka kwa watu wa kawaida, kwa ujumbe wa simu au kwa intaneti, na kuzitia juu ya ramani. Wakaiita Ushahidi. Neno letu la Kiswahili likaenda ulimwenguni kote bila kufasiriwa.

Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko liliangusha mji mkuu wa Haiti. Programu hiyo ya vijana wetu ilitumiwa huko. Namba ya simu isiyolipiwa, 4636, ilitangazwa, na mtu aliyefunikwa na kifusi au asiye na maji aliweza kuandika ujumbe mfupi kusema yuko wapi. Ila ujumbe uliandikwa kwa Krioli, lugha ya nyumbani, na waokoaji wengi wageni hawakuijua. Ni nani waliofasiri? Ni Wahaiti walioishi mbali, Marekani, Kanada na kwingineko, wakikaa usiku mbele ya kompyuta zao, wakifasiri na kueleza mtaa fulani uko nyuma ya soko gani. Mtu aliye umbali wa maelfu ya maili alijua jina la kichochoro ambalo halikuwa katika ramani yoyote.

Nawasimulia haya kwa sababu katika mkutano wa mwaka jana mzee mmoja aliuliza, kwa uchungu, sisi tulio Mombasa tuna faida gani kwa mafuriko ya Bunyala isipokuwa kuchanga. Swali lake sikulijibu siku ile. Leo najibu kwamba sisi tunajua nyumba ya nani iko nyuma ya mwembe gani, nani hasikii, nani haoni, nani ana watoto wengi na hana mume, na mtumbwi wa nani haupitishi maji. Elimu hiyo imo vichwani mwetu, haimo katika ofisi yoyote. Na mtu aliye mbali ana neema moja, kwamba siku ya maafa yeye hana maji miguuni. Ana nguvu ya kukaa mezani na kupiga simu moja baada ya nyingine.

Lakini mdomo ule ule unaookoa huangamiza. Katika mvua kubwa za mwisho wa mwaka 2023, mtu mmoja wa kundi letu alipeleka picha ya maji yakibomoa ukuta, na maneno kwamba tuta limepasuka usiku ule. Picha haikuwa ya kwetu. Tulikuja kuambiwa kwamba ilitoka nchi nyingine na ni ya miaka ya nyuma. Jamaa walikimbia gizani na watoto, mtoto mmoja akavunjika mkono, na wezi wakaingia katika nyumba zilizoachwa. Ubaya wenyewe ukaonekana wiki zilizofuata, kwa kuwa lilipokuja onyo la kweli, watu wakasema ni yale yale. Aliyeituma hakuwa mtu mbaya. Aliogopa, akabonyeza. Kamati inapendekeza kwamba onyo lolote lisipitishwe katika kundi la chama isipokuwa lina mambo matatu: limetoka kwa nani, limetolewa saa ngapi, na mahali gani hasa. Wenye kupokea na wawe wawili waliochaguliwa, ambao watapiga simu kwa chifu, au kwa Idara ya Hali ya Hewa, au kwa Msalaba Mwekundu kwa namba 1199, kabla ya kulitangaza.

Wazee watauliza, na elimu yetu wenyewe je? Swali hilo ni la haki. Hatuna sababu ya kuitupa. Kule Bunyore ukoo wa Nganyi umejulikana tangu zamani kwa kusoma dalili za mvua katika miti, ndege na wadudu. Wanasayansi wa Idara ya Hali ya Hewa walikaa nao, wakalinganisha utabiri wa pande mbili, wakatoa habari kwa pamoja, na watu waliokuwa hawaamini karatasi ya serikali wakasikiliza kwa kuwa wazee wamo. Mimi naona huo ni mfano mwema kuliko kubishana nani ana akili.

Juu ya mitambo mipya sitasema mengi. Iko njia ambayo mnara wa simu hutoa onyo kwa kila simu iliyo karibu nao kwa mara moja, bila kuhitaji namba ya mtu, na hata laini zikisongamana ujumbe hupita. Umoja wa Mataifa mwaka 2022 uliweka nia kwamba kila mtu duniani awe amefikiwa na maonyo ya mapema kufikia mwisho wa mwaka 2027. Ni nia njema, na kila ikikaribia kwetu tutaipokea. Lakini mnara hutaka umeme, na simu hutaka betri. Mwaka 2020, siku ya tatu ya mafuriko, tatizo kubwa la watu waliokuwa juu ya tuta halikuwa kukosa simu. Walikuwa nazo. Hawakuwa na mahali pa kuzichaji. Mtu mmoja aliyekuwa na kibao kidogo cha jua alizichaji simu za kambi nzima, na kwa bahati mbaya akatoza shilingi ishirini kwa kila moja. Tulimkasirikia, kisha mwenyekiti akasema afadhali anayetoza kuliko asiyekuwapo, na nadhani alisema kweli.

Basi yanayoletwa mbele yenu ni haya. Fedha za dharura zihamishwe kutoka katika laini ya mtu mmoja, zitiwe katika akaunti ya chama ambayo hutoa fedha kwa idhini ya watu wawili kati ya watatu, na mmoja wa hao watatu awe anakaa nyumbani Bunyala. Zinunuliwe redio za kuzungushwa kwa mkono, vibao vya jua vya kuchajia simu, filimbi, na vipaza sauti vya mkononi, viwekwe pahali palipoinuka, na si katika nyumba ya mjumbe wa kamati. Yako mapendekezo ya kununua kompyuta kwa ofisi yetu hapa Mombasa. Mimi niliyapinga katika kamati na ninayapinga hapa, mpaka vitu hivyo vya kwanza vipatikane.

Jambo la mwisho halina gharama isipokuwa jasho. Ni daftari. Nasema daftari la karatasi, nakala tatu: moja hapa, moja kwa mzee wa kijiji, na moja shuleni. Kila nyumba ya jamaa ya mwanachama iandikwe, na katika kila nyumba aandikwe asiyesikia, asiyeona, asiyeweza kutembea, na mama aliye karibu kujifungua. Mbele ya kila jina la namna hiyo yaandikwe majina mawili ya majirani watakaomwendea kwa miguu, na majirani hao waulizwe kwanza, wakubali kwa vinywa vyao. Jina la mtu lisiandikwe kwa kumdhania, kama tulivyodhani habari za yule mama. Na mwanachama mmoja hapa Mombasa apewe nyumba kumi za kupigia simu mvua zinapoanza milimani, kuuliza kama wale majirani bado wapo au wamehama.

Tumeanza kuandika tangu Januari. Ukurasa wa kwanza hadi wa tisa umejaa. Ukurasa wa kumi una majina saba ya wazee wetu ambayo mbele yao hapajaandikwa jirani yeyote. Daftari liko mezani kwa Katibu, karibu na mlango. Baada ya kura na kabla ya chai, nawaomba wale wenye jamaa upande wa kusini wa mto waje wautazame ukurasa huo.